Sahani ya Ishirini na Tatu

Mpishi wa shule iliyo mkabala na karakana yangu ya mawe aliwahi kupika jeshini. Ni mtu wa kuhesabu: vikombe, vijiko, hata watoto wanaopanga foleni mara mbili anawajua kwa sura. Siku kikosi chake kilipofyekwa chote kilimani, yeye alikuwa ameteremka kuchota maji. Ndiyo maana yu hai, na ndiyo maana hakai akatulia.

Familia za marehemu zilichanga zenyewe, serikali haikutoa hata msumari, zikaniagiza jiwe la kusimamishwa palepale walipoanguka. Majina ishirini na mawili. Mwenyekiti wao, mama yake koplo mmoja, alivutana nami bei wiki nzima bila kupepesa macho.

Siku ya kulipakia, lori linanguruma, mpishi akaingia na aproni yake mwilini.

"Fundi, subiri! Kuna mtu tumemsahau."

"Orodha imetoka jeshini, mzee."

"Hiyo ni ya kikosi. Huyu alikuwa dereva, alituletea magunia alfajiri ya siku ile. Nikampakulia chakula. Jina sikumuuliza."

Mama Koplo, mwenyekiti, aliyekuja kusimamia upakiaji, akamgeukia. "Na kama alikula akaenda zake? Tumwandike mtu mzima wa afya kwenye jiwe la wafu?"

"Ndilo linaloninyima raha, mama. Gari lake lilikutwa limeungua, ndani hamna mtu. Lakini kwangu haondoki mtu na sahani. Anayeteremka anairudisha kwanza. Yake haikurudi."

"Sahani! Miaka yote hii unakumbuka sahani?"

Mpishi akatoa mfukoni karatasi iliyochakaa mikunjoni: fomu ya stoo ya vifaa vilivyopotea, yenye mhuri wa jeshi. Sahani za bati, ishirini na tatu.

"Na yako?" nikauliza. Hesabu ni hesabu.

"Yangu ninayo. Naonjea mchuzi mpaka leo."

Mama Koplo aliisoma fomu mara mbili. Mkono wa mpishi ulibaki umenyooshwa, kama wa mtu anayeogopa haitarudishwa.

"Chonga," mama akasema. "Andika Dereva."

Herufi sita. Nikataja bei. Akanitazama tu, mpaka nikaikata nusu mwenyewe.

Siku ya kulizindua jiwe, watu wote walilitazama. Mpishi aliligeuzia mgongo, akawa anatazama barabara chini ya kilima. Kila gari likipunguza mwendo, shingo inamrefuka.

"Unamngoja nani?" nikamuuliza.

"Akitokea je, fundi? Akajikuta kwenye jiwe?"

"Akitokea nitalisugua jina lake. Bure."

Akanikodolea macho. "Bure? Wewe?"

"Bure."

Pale chini lori moja likasimama. Mpishi akaanza kuteremka, kwanza kwa kutembea, kisha mbio.

Lilikuwa limepata pancha. Alimwangalia dereva usoni, akamsaidia kufungua tairi, akapanda tena kilimani polepole, akasimama palepale alipokuwa, akiitazama barabara.