Asilimia Tisa Chini ya Hema

Mimi si mpole, na siku tuliyoandika wasifu wa marehemu baba yangu nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Tulikuwa nyumbani Bungoma, chini ya hema, saa nne asubuhi. Mazishi yalikuwa kesho yake. Stima ilikuwa imepotea tangu jana, na kompyuta yangu, niliyoibeba kutoka Kitale, ilikuwa na chaji asilimia kumi na nane. Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati, alikuwa na nakala yake ya mkono mfukoni. Kompyuta ikizima, alisema, hiyo ndiyo itakayopelekwa kuchapishwa. Nilikuwa nimeisoma. Mama yangu hakuwemo, na asiyeandikwa haitwi kaburini kutia udongo.

Mama ni mke wa pili. Aliishi na baba kule Kibomet, Kitale, miaka ishirini na miwili, akamuuguza, akamfumba macho. Huku Bungoma walimwita “yule wa Kitale”, na kikaoni hawakumwalika.

Kwetu wasifu hauandikwi na mtu mmoja. Kila mtu anataka wajukuu wake wahesabiwe na jina lake litangulie. Walizozana kuhusu mwaka ambao baba alibatizwa mpaka asilimia nne ikaenda. Hasira zikanipanda. Nikafunga kifuniko, pa!

“Ati umefuta?” shangazi akashtuka.

“Sijafuta, shangazi. Imelala, haili chaji. Mkikubaliana nitaiamsha.”

Tangu hapo, kila walipokubaliana nilifungua, nikaandika, nikafunga. Shangazi ndiye aliyewanyamazisha wengine. Tulifika kwenye mstari wa wake tukiwa na asilimia tisa, nami nikafunga tena.

“Alikuwa na mke mmoja,” akasema baba mdogo.

“Wawili,” nikasema.

Akajiegemeza kitini, akaanza hotuba. Ati harusi ya kanisani ilikuwa moja tu. Ati ukoo una heshima zake. Alirudi nyuma hadi kwa babu wa babu yake. Kila mara aliitupia kompyuta jicho, nikaelewa kwamba hakuwa anabishana. Alikuwa anangoja izime. Hakuwa amesikia neno nililomwambia shangazi, maana mtu huyu hajawahi kumsikiliza mwanamke akiongea. Nikaumeza mcheko, nikamwuliza habari za mipaka ya shamba ili aendelee.

Saa nzima ikapita. Sauti ilipomkauka, nilifungua kifuniko mbele ya kamati yote. Asilimia nane.

“Si ilikuwa inaisha, bana?”

“Ilikuwa imelala, baba mdogo. Aliyechoka ni wewe tu.”

Watu wakaangua kicheko, na shangazi akasimama.

“Mahari ya huyo mama tulipeleka mimi na wewe. Ulikula kwao mpaka ukashindwa kutembea! Andika wawili, mwanangu.”

Nikaandika majina ya mama yote matatu, nikaweka kazi kwenye flashi na kuipeleka mwenyewe mjini kuchapishwa.

Kesho yake mchungaji alifungua programu ya mazishi iliyochapishwa, akawaita wajane wawili, mmoja baada ya mwingine. Mama aliposikia jina lake alinitazama kwanza, kama anayetaka kuhakikisha. Kisha akapita mbele ya baba mdogo, akainama, akachota udongo kwa mikono miwili, akautia bila haraka. Nami nikapiga kigelegele pale pale kaburini, bila haya.