Baridi ya Kibanda cha Masamva

Nyumba ya bati ya kwanza katika kitongoji chetu, nje kidogo ya Bariadi, ilikuwa yangu. Nasema yangu kwa sababu pamba niliipalilia mimi na kuichuma mimi, hata kama mume wangu ndiye aliyekwenda kuiuza. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao mpaka vijijini, wanalipa hapo hapo, hakuna tena kungoja ushirika. Tukang'oa nyasi, tukaezeka bati. Watu walikuja kutazama. Nilitembea kama mke wa mkuu wa wilaya.

Hakuna aliyeniambia kwamba bati bila dari ni kikaango. Kiangazi kilipofika, mchana hukai ndani. Tulishinda nje tukifuata kivuli cha ukuta. Tulivumilia, maana mwenye miguu anaweza kutoka.

Kisha binti yangu akarudishwa kutoka Nkoma alikoolewa. Mumewe alikuwa amekufa kwa ugonjwa ule ambao watu waliutaja kwa kunong'ona. Ndugu wa mume wakamleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, wakamshusha uani, wakakataa hata maji ya kunywa. Hospitali walimtazama, wakasema mrudisheni nyumbani. Alikuwa amekwisha, amebaki mifupa na macho. Nje inzi wanamfuata kwenye vidonda. Ndani bati linagonga kwa joto na yeye analia.

"Mama, naungua. Nitoe humu."

Nilimwaga maji sakafuni. Nikamfunika kanga iliyolowa, ikakauka upesi kama niliyoianika juani. Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, kuomba nilikujua. Niliomba mpaka koo likaniuma. Kusema kweli, niliomba kama mtu anayegombana na jirani.

Pembeni mwa ua kilikuwapo kibanda cha masamva, yaani wazee waliokufa wa ukoo wa mume wangu. Kilikuwa kidogo, cha mviringo, nyasi zake nene zikishuka karibu na ardhi, mlango wa kuingia kwa magoti. Mama mkwe wangu ndiye aliyekitunza, akiwapelekea wafu wake unga uliokorogwa na maji. Mimi kanisani nilikuwa nahubiri vibanda hivyo vichomwe moto, na nyumbani nilimwambia hivyo hivyo usoni. Alinijibu, "Nikifa, choma. Nikiwa hai nitakuchoma wewe."

Mchana mmoja alisimama mlangoni kwangu akimsikiliza mjukuu wake akilia.

"Mlete kwa babu zake," akasema. "Kule kuna baridi."

"Mayu, mama yangu, nitatengwa kanisani."

"Huyo Mungu wako amekosa nyasi, mpaka akae kwenye bati anapika watu?"

Nikambeba binti yangu. Alikuwa mwepesi kama kapu la pamba. Mama mkwe alitangulia kwa magoti, akawaambia wazee wake kwa Kisukuma wasogee, mgonjwa anaingia. Nikatambaa nyuma yake. Mle ndani mlikuwa na giza, na harufu ya udongo na nyasi kavu. Nilimlaza mwanangu juu ya ngozi ya ng'ombe, nikamkunja miguu kidogo ili aenee. Akavuta pumzi ndefu, akaacha kulia. Maneno yote ya kuomba yaliniisha, na hapo ndipo nilipohisi, kwa mara ya kwanza tangu aletwe, kwamba yupo anayenisikiliza. Ni nani, sikuuliza. Jasho lilinikauka mgongoni.

Habari zikafika kanisani. Mzee wa kanisa akaja na akina mama niliokuwa nawaongoza, wakasimama katikati ya ua, mbali na kibanda.

"Mtoe humo mgonjwa, umrudishe ndani ya nyumba," akasema, "ndipo tumwombee. Hatuwezi kuliita jina la Bwana kwenye mashetani."

Niliinama mlangoni, nikamuuliza mwanangu kama anataka kurudi kwenye bati aombewe.

"Mwambie aombe huko huko juani," alisema polepole. "Mungu atasikia. Mimi sitoki."

Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Mzee wa kanisa akavaa kofia yake, akaondoka. Akina mama wakamfuata, ila mmoja, rafiki yangu ambaye tulikuwa tukifukua naye maji kwenye mchanga wa mto. Alitazama walikokwenda wenzake, akapiga magoti, akatambaa ndani. Akakaa nasi mpaka jua likalegea, akimpepea mgonjwa kwa pindo la kitenge.

Mwanangu alifia mle, mchana, huku bati la nyumba yangu likigonga upande wa pili wa ua. Hakulia. Tulimzika bila kanisa. Kaburini niliomba mwenyewe, mama mkwe akamwaga unga wake na maji, na hakuna aliyemkataza mwenzake.

Ilipofika Jumapili ya meza ya Bwana, mzee wa kanisa akanisimamisha mbele ya watu nitubu. Kanisa nalo lilikuwa la bati, watu wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo.

"Nitubu nini?"

"Kumlaza Mkristo kwenye mizimu."

"Mwanangu alikuwa anaungua, nikampeleka kwenye baridi," nikasema. "Hilo silitubii."

Nikaketi. Kikombe kikanipita, kikaenda kwa rafiki yangu aliyekuwa kando yangu. Alikipokea, akanywa, akafuta mdomo, akatazama mbele. Sikutoka. Nilikaa mpaka wimbo wa mwisho, kichwa juu, jasho likinitiririka.