Hoja ya Upande wa Pili

Siku yangu ya kwanza kufundisha Kiingereza, katika shule ya upili upande wa Tulia, Kitui, mwalimu mkuu alinipokonya chaki kabla sijaandika neno. Miaka ya sitini ilikuwa inaisha, nami nilikuwa na suruali moja ya heshima na maringo mengi ya chuo. Aliandika ubaoni ile herufi moja ambayo Waingereza huitumia kusema "mimi", kisha akaikata kwa mstari.

"Insha rasmi haimtaki huyu," akasema. "Haitaki maneno ya mkato, wala jina la jirani. Na kabla hujampinga mtu, sema hoja yake vizuri, mpaka mwenyewe akubali ndiyo hiyo."

Moyoni nilichukia. Mtoto wa Kitui aliyeiona njaa kwa macho yake, unamwambiaje afute "mimi"? Hata hivyo kazi ni kazi. Nilifundisha sentensi kuu, ile inayotangulia na kutangaza aya inahusu nini. Nilifundisha viunganishi. Insha isiyokuwa na hoja ya upande wa pili niliirudisha bila alama. Wanafunzi wakanibandika jina, Upande wa Pili, wakidhani sijui.

Baadaye nilihamishiwa Makueni, shule ya bweni ya wasichana, chini ya mwalimu mkuu mwanamke ambaye hata sisi walimu tulimwogopa. Mwaka mmoja mvua ilikataa kabisa, na wazazi wakaanza kuja kuwachukua mabinti zao. Mwende wa kidato cha tatu alikuwa amepata habari kwamba baba yake angefika Ijumaa. Wiki hiyo niliwapa darasa zima insha: je, msichana atolewe shuleni nyumbani kukiwa na shida?

Ijumaa Mzee Mutua akafika. Mwende alikuwa ameshasimama mlangoni mwa ofisi na sanduku lake la bati, macho mekundu. Mwalimu mkuu alimsihi mzee, kisha akamkaripia. Wapi! Mzee alizidi kukaza.

"Madam, wewe maji yako iko kwa tangi," alisema. "Usinifundishe shida."

Mimi nilikuwa pembeni nikisahihisha insha hizohizo. Nilimtazama Mwende nikamwonyesha ya kwake, naye akaitikia kwa kichwa. Nikaomba ruhusa nimsomee mzee kile binti yake alichoandika, nikikigeuza kwa Kikamba.

"Baadhi ya wazazi husema kwamba mto umekauka, na maji yanachimbwa mchangani, mbali. Mama ni mgonjwa. Watoto wengine ni wadogo. Mzazi anayemwita binti yake nyumbani hamchukii. Amekosa mkono wa kumsaidia."

Katika aya iliyofuata Mwende alikuwa amewajibu wazazi hao: binti akitoka sasa, harudi tena, lakini safari za maji zinaweza kufanywa na baba na punda mpaka mvua inyeshe.

"Rudia hapo pa wazazi," mzee akasema. Nikarudia.

"Huyo mzazi ni nani?"

"Hakutajwa, mzee. Insha rasmi haitaji mtu."

Alimgeukia mwalimu mkuu. "Tangu asubuhi mnanisema vibaya hapa. Huyu amenisema vile niko."

Akainuka, akabeba sanduku begani. Nikadhani anaondoka naye. Alipofika mlangoni akamuuliza Mwende, "Bweni lenu ni lipi?"

Muhula mzima alichota maji mwenyewe na punda, wanawake wakimcheka kule mtoni.

Ninyi mnaofundisha sasa huniambia kanuni hizi zinamfunga mtoto mdomo. Labda. Nilizinung'unikia miaka mingi. Lakini ofisini pale nilimwona baba akisikilizwa kabla ya kupingwa, na hakuaibishwa mbele ya mtoto wake. Sikuwahi kulalamika tena.

Nilipostaafu, miaka ya tisini, waliniandalia chakula cha kuniaga katika ukumbi wa kanisa hapa Kabati. Msimamizi wa sherehe akawaomba wageni wajitambulishe, na wengi wakataja vyeo vyao. Mwishoni akasimama mzee mmoja mwenye fimbo, mwanamke mmoja akimshika kiwiko. Sikumtambua yeye wala Mwende mpaka mzee alipofungua kinywa.

"Mimi," akasema, "ndiye baadhi ya wazazi."

Kisha akaketi.