Harufu ya Dawati la Tatu

Asubuhi hii mke wangu amechemsha majani ya mkaratusi, nami nimeisikia harufu yake nikiwa bado kitandani. Kwa mtu mwenye pua kama yangu, hiyo ni sikukuu. Nikiwa mtoto, Kukhu, bibi yangu, alikuwa akinifunika blanketi juu ya sufuria ya majani hayohayo kule kwetu Shinyalu. "Vuta! Mafua inaogopanga mvuke." Kisha, nisipigwe na baridi, alinilaza jikoni, kando ya moshi wa kuni. Mafua hayakuogopa kitu. Yalikaa nami miaka, mazito, ya rangi nisiyoweza kuwaelezeni ikiwa mnakula.

Darasa la nne niliketi dawati la tatu na Ayuma, msichana mpole ambaye mama yake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Siku moja mwalimu alisimama kwenye dawati letu, akakunja uso.

"Nani ananuka hivi?"

Mimi sikusikia harufu yoyote; sikuwa nimesikia harufu kwa miezi. Lakini niliwaza haraka, kama wasomi wote wa uongo, nikamnyooshea Ayuma kidole. "Ni omena, mwalimu."

Ayuma alisimama. "Si mimi, mwalimu. Ni pua yake. Inanukanga."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Pua inuke? Mwalimu alimhamishia Ayuma nyuma kabisa, na kuanzia siku hiyo akaitwa Omena. Macho yake hayakuona mbali. Tulipoketi pamoja, nilikuwa nikimsomea yaliyoandikwa ubaoni. Huko nyuma alikaza macho, akanakili makosa, na mwaka ulipokwisha alikuwa wa mwisho. Alirudia darasa. Mimi nilisonga mbele na dawati langu.

Mwaka jana, nikiwa na shahada zangu na kichwa kinachouma nikiinama, daktari mmoja mjini alinieleza kwamba usaha ukikaa muda mrefu kwenye mashimo ya ndani ya uso, hutoa harufu mbaya. "Mwenyewe mara nyingi haisikii, mzee. Wanaisikia walio karibu." Akanifundisha kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na kupuliza dawa kila siku, hata siku za nafuu. Ugonjwa huu hauponi haraka, unatunzwa.

Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema, lakini nilikuwa nahesabu. Mihula miwili Ayuma aliketi bega kwa bega nami, akiivumilia harufu ile, bila kumwambia mtu. Alisema mara moja tu, siku niliyomlazimisha. Na walipocheka, mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa zaidi.