Doa katika Jicho la Kushoto

Nina daftari ninaloandika kila picha kabla sijaipiga: mwanga unatoka wapi, mtu atakaa vipi, mikono itakuwa wapi. Sikusomea kazi hii. Niliianza nikiwa nimeshavuka miaka thelathini, kwa kamera ya mtumba na vitabu nilivyovisoma kamusi ikiwa pembeni. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kunisahihisha, kila kanuni niliyoikuta vitabuni niliifanya sheria. Kwenye kurasa za waendesha bodaboda kuna mstari mmoja niliouandika kwa mkono wangu, na kila nikilifungua daftari hilo huwa nauruka.

Kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na studio yangu, hapa Bagamoyo mjini, kilitaka ubao wa picha za wanachama. Akina mama wanaowapakiza watoto kwenda shule walitaka kujua nani ni mwenyeji wa kijiwe na nani amejipachika tu. Mwenyekiti wao angeridhika na picha za pasipoti. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia kwamba mtu anayebeba watoto wa watu anastahili kupigwa picha kama mtu. Kila mmoja atakaa juu ya pikipiki yake, uso umegeuka kidogo kuelekea mwanga, helmeti juu ya paja, usukani ukipita chini ya picha. Wote watakaa vivyo hivyo, ili ubao usomeke kwa mpangilio.

Tulipiga asubuhi, kwenye uchochoro ulio kando ya studio, mbele ya ukuta wa zamani wa mawe. Nilitundika shuka jeupe upande mmoja ili lirudishe mwanga usoni. Katika sheria zangu zote, niliyoishika zaidi ilikuwa ya macho: kila jicho lazima liwe na nukta ndogo ya nuru, nayo iwe sehemu ya juu ya mboni. Bila nukta hiyo hata mtu aliye macho huonekana kama amelala.

Wa kumi na nne alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mcheshi, anayebeba mananasi kutoka mashamba ya upande wa Fukayosi. Helmeti yake haikuwa na kioo. Alikaa vizuri, akanyoosha mgongo bila kuambiwa. Nilipomwangalia kupitia kamera niliona nukta mbili katika jicho lake la kushoto. Moja ilikuwa mahali pake. Ya pili ilikuwa chini zaidi, nyeupe, haing'ai. Nikasogeza shuka. Nukta ya kwanza ikasogea. Ya pili ikabaki palepale.

"Jicho hilo lina nini?" nikamuuliza.

"Vumbi tu, fundi. Wiki iliyopita iliingia punje ya mchanga. Naosha na maji ya majani ya chai."

"Linauma?"

"Linawasha. Jua likiwa kali linatoa machozi."

Wenzake waliokuwa wakisubiri zamu hawakumwacha.

"Mwongo huyo, fundi! Anawakonyeza abiria wa kike!"

"Ndiyo maana akina dada wanalipa bila kuuliza bei!"

"Nyie semeni," alijibu akicheka, akipangusa jicho kwa mgongo wa mkono. "Mimi nina jicho moja na nawapita wote kwa wateja. Fundi, piga, jua linapanda."

Nikapiga. Sikuwa mjinga wa jambo lile. Nilikuwa nimeshasoma kuhusu macho, kwa sababu ya picha, na nilijua kwamba doa lisilosogea mwanga unaposogea haliko kwenye mwanga, liko kwenye jicho. Nilijua pia kwamba machozi juani si dalili ya kupuuza. Ningeweza kusema maneno manne: nenda hospitali leo hii. Badala yake nilichukua kalamu, nikaandika kwenye daftari: "Na. 14. Jicho la kushoto, doa. Futa."

Huo ndio mstari ninaouzungumzia.

Jioni nilikaa kwenye kompyuta nikalifuta. Kazi ile ilinichukua muda, kwa sababu weusi wa mboni si weusi mtupu. Nilichukua rangi kutoka jicho la kulia, nikaipandikiza, nikairekebisha nukta ya nuru mpaka ikalingana na ile ya kulia. Niliridhika mno. Hata nilimwita mke wangu aje aone, naye akasema kijana huyo ana macho mazuri.

Picha zilipotundikwa, watu walisimama kuzitazama. Yeye alifurahi kuliko wote. "Fundi, umenitoa kijana!" alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Aliomba nakala ya kwenda nayo nyumbani, nikampa kubwa, ndani ya fremu. Nilipokuwa nikimkabidhi nililiona jicho lenyewe. Lilikuwa jekundu, na kope zimevimba. Nilimwambia, "Pole na jicho." Akasema, "Limeshapoa, fundi." Nikalikubali jibu hilo kwa sababu lilinirahisishia mambo.

Baada ya hapo sikumwona kijiweni kwa wiki kadhaa. Nilipouliza, waliniambia yuko Dar, hospitali, mambo ya jicho. Nilirudi studio nikakaa. Sikumpigia simu, ingawa namba yake nilikuwa nayo.

Aliyekuja ni mkewe. Alikuwa amevaa dera na mtandio, na amebeba fremu ile kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ameruhusiwa, yuko nyumbani. Jicho limekwenda, baba. Wanasema ilikuwa kidonda kwenye kioo cha jicho, tumechelewa. Anaona mwanga tu, kama mtu aliyefunikwa kanga usoni." Akaitoa picha, akaiweka juu ya meza yangu. "Daktari anauliza lilianza lini, na yeye hasemi kitu kimoja. Mara kabla ya picha, mara baada. Mimi nilimwambia siku nyingi, twende hospitali. Tukagombana. Akanitolea picha hii, akaniambia, wewe mwanamke unaniombea maradhi, tazama, fundi kapiga kwa kamera kubwa, jicho liko wapi na ugonjwa uko wapi? Nikatazama, kweli jicho safi. Nikanyamaza. Sasa nataka kujua, baba. Siku ile jicho lilikuwa zima?"

Nikamjibu, "Kamera haioni kila kitu."

Hayo ndiyo yaliyonitoka. Aliitikia kwa kichwa, akairudisha picha mfukoni, akaniaga kwa adabu. Alikuwa ameshafika mlangoni, anavaa ndala, nilipomwita.

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha picha ya kwanza, ile ambayo haijaguswa. Sikulazimika kumwonyesha kwa kidole. Aliinama karibu na kioo cha kompyuta, akatazama, kisha akaiweka ile ya fremu pembeni yake akatazama zote mbili.

"Nani ameliondoa?"

"Mimi."

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Alikwambia uliondoe?"

"Hapana. Niliona linaharibu picha."

Nilitegemea anitukane. Nilitamani hivyo. Alivuta kiti akaketi, mtandio mdomoni. Niliposema nitakwenda kwao nimweleze mumewe mwenyewe na kumwomba radhi, alinyanyua mkono.

"Usiende."

"Ni haki yake kujua."

"Haki yake ilikuwa siku ile. Leo anasema ni kadari ya Mungu, na hapo ndipo amepata kutulia. Anakula, analala, anacheza na mtoto. Ukimwambia ni mkono wa mtu, atakaa na wewe kichwani mpaka afe. Unataka kupumua wewe, baba. Yeye itamsaidia nini?"

Alisema atamweleza daktari ukweli kuhusu tarehe, bila kunitaja. Fremu aliiacha juu ya meza.

Sijui hadi leo kama nilimtii kwa sababu alisema kweli au kwa sababu alichoniomba kilikuwa chepesi kwangu. Nilichofanya ni kuibadilisha picha ya ubaoni: niliweka ile ya kwanza, yenye doa. Hakuna aliyeniuliza. Ubao uko juu, na watu walishazoea kuupita. Siku hizi, anayekuja studio na uwekundu machoni, au uvimbe shingoni, humwambia aende hospitali kabla sijaishika kamera. Wengine hukasirika na kwenda kwa wapiga picha wengine.

Kijana mwenyewe amerudi barabarani, kwa safari za hapa hapa mjini tu. Akiniona nimebeba begi la kamera husimama, na hakubali nipande bodaboda nyingine. "Panda, fundi wangu," husema, na mimi hupanda. Tukifika njia panda hupunguza mwendo, akakigeuza kichwa chote upande wa kushoto, mpaka kidevu kinagusa bega. Mimi nyuma yake huwa nimeshatazama. "Huku pako wazi," namwambia. Hucheka, akasema siku hizi nimekuwa mwoga kama abiria wa Dar, na bado hutazama mwenyewe kabla ya kuingia barabarani.