Vipande Ishirini vya Mbao

Mwalimu wa darasa la awali aliniambia waziwazi: binti yangu asipoweza kuhesabu hadi ishirini kabla shule hazijafungwa, atarudia darasa. Nikapita kwa fundi seremala hapa Bariadi mjini, akanikatia vipande ishirini vya mbao na kuvipiga msasa vizuri. Nilijiona mama mwerevu kuliko wote mkoani.

Mwezi mzima werevu huo ukanitokea puani. Kila nikirudi kazini namkuta amekaa sakafuni, vipande vingine kavipanga duara, vingine kaviweka katikati. "Haya, hesabu." Kimya. "Moja..." Kimya. Nikimshika kidole niguse nacho kipande, anauficha mkono nyuma ya mgongo kana kwamba nataka kumuunguza. Nilibembeleza, nikafoka, nikanunua hadi biskuti. Biskuti zililiwa, hesabu hakuna. Jamani, mtoto huyu! Moyoni nikasema huu ni ukaidi wa ukoo wa baba yake tu, maana miaka miwili alilelewa na bibi yake kule kijijini Migato wakati mimi nahangaikia uhamisho kutoka Tanga.

Bibi mwenyewe akaja kututembelea. Alinikuta nimepiga magoti, jasho linanitoka, nanyooshea vile vipande kidole: moja, mbili, tatu.

"Mayu," aliniita mama kwa Kisukuma, "unafanya nini?"

"Namfundisha kuhesabu, mama. Hataki!"

"Atakubalije? Ng'ombe hawanyooshewi kidole wakahesabiwa. Utawapunguza."

"Ng'ombe gani, mama? Hivi si vipande vya mbao?"

Bibi akamtazama mjukuu wake. Mjukuu akaniangalia kwa huruma, akanieleza kwamba lile duara ni zizi, na kwamba yule mwenye doa jeusi hajarudi tangu jana. Nikainama kuangalia chini ya kochi. Kipande chenye fundo jeusi kilikuwa huko kweli, na mimi na diploma yangu sikuwa nimegundua kwamba kuna kilichopungua.

Kesho yake nikampeleka kwa mwalimu, nikaomba apewe vizibo vya soda badala ya mbao. Akahesabu hadi ishirini, akapitiliza hadi thelathini na saba, vizibo vikaisha.

Mwalimu akanipongeza kwa kazi kubwa niliyofanya nyumbani. Nilikosa pa kuuficha uso. Jioni zote zile nilimuuliza ngapi, ngapi, ngapi. Sikumuuliza hata siku moja amejenga nini.