Ndago kwenye Ngoro za Mkwe

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kijijini Mkumbi, kule milimani, haijanitoka kichwani, pamoja na miji yote niliyozunguka. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milimani kufuata kahawa, na kila kijana wa kwetu ziwani, Mbamba Bay, alikuwa na jinzi ya mtumba. Binamu yangu Osmundi alipanda na yake kwenda kumchumbia Filomena. Mimi nilimsindikiza.

Baba wa binti, Mzee Gaudensi, hakuuliza mengi. Alimpa mchumba jembe akalime ngoro, kama ilivyo desturi. Ngoro unazijua: unafyeka majani, unayapanga miraba mteremko mzima, unayafukia kwa udongo unaouchimba katikati, yaoze yawe mbolea. Osmundi, mtu wa ziwa, aliona majani yaliyonona kando ya kijito, akayang'oa na mizizi yake yote, akayapanga. Kumtazama tu ilikuwa raha.

Mvua ikanyesha. Jumapili iliyofuata, waliotoka kanisani walisimama ng'ambo ya bonde wakicheka. Shamba zima lilikuwa na miraba ya kijani, imenyooka kama daftari la hesabu. Ndago, gugu ambalo ukilifukia na mizizi yake huchipua upya.

Mzee alituita. Nikawahi kusema, maana nilikuwa nimetoka kidato cha nne: "Shikamoo, baba. Kitaalamu hii ni jenasi ya Cyperus. Mafunjo yamo humo, na hata majani tunayosukia mikeka kule ziwani."

"Marahaba. Hilo ni jina lake la ubatizo," alisema, akimpa Osmundi bua la ndago. "Lizungushe vidoleni."

"Linakwama, baba. Lina pembe tatu."

"Na la mikeka yenu?"

"Nalo pembe tatu."

"Kumbe unalalia ukoo wake miaka yote, na hukuutambua. Basi utaoa siku ndago ikiisha shambani."

Filomena, aliyekuwa akipukuchua mahindi, hakuinua uso. "Baba, ndago hii hata babu aliikuta. Unataka nizeekee hapa?"

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Walioana baada ya mavuno ya kahawa. Osmundi ana mvi sasa, na bado anang'oa.

Kwa hiyo, mwanangu, usipeleke kitu nyumbani kwa watu kwa sababu tu kimenona. Kizungushe vidoleni, chungulia mizizi, uliza ni cha ukoo gani. Na ukishakosea, kaa ung'oe. Usikimbilie stendi kama nilivyozoea mimi. Mungu akupe shamba lisilo na ndago. Na likiwa nayo, akupe mwenza wa kukutetea kabla hujaimaliza.